Mazungumzo ya Nyumbani: Apolo Yupi?

Mwezi huu twataka kuzungumza habari ya majina, kwa sababu ya barua tuliyoipata kutoka nyumba moja ya Wakristo iliyo karibu na Makambako. Nyumba yenyewe hatuitaji, maana shauri lao bado halijaisha, wala si vema kuanika mambo ya watu yangali motoni. Lakini wametupa ruhusa kulisema neno lao, wakiona ya kuwa huenda likawafaa na wengine.

Neno lenyewe ni hili. Katika nyumba hiyo amezaliwa mtoto mwanamume, na siku ya ubatizo imekaribia. Baba yake apenda mtoto aitwe Apolo. Alipokuwa kijana katika shule ya Jumapili alisomewa habari za Kanoni Apolo Kivebulaya, mhubiri wa msituni, na habari hizo hazikumtoka moyoni hata leo. Lakini babu mzaa baba amekataa kabisa. Mzee huyu alikuwa askari katika vita vya Kagera, akaenda na jeshi letu hata Kampala mwaka 1979, na mwenzake aliyetoka naye huku Njombe alimwacha katika udongo wa Uganda. Asema kwamba jina la Apolo kwake ni jina la Apolo Milton Obote, ambaye baada ya damu ile alirudi kutawala, na nchi ikaingia tena katika maangamizi. Hataki kuliita jina hilo mlangoni pake kila asubuhi.

Na bibi mzaa mama ameongeza neno la tatu. Amesikia kwa mjukuu wake asomaye sekondari mjini Njombe ya kuwa Apolo ni jina la mungu wa Wayunani, na tena ni jina la chombo cha Wamarekani kilichokwenda mwezini. Basi auliza, jina la sanamu laingiaje kanisani, likawekwa juu ya kichwa cha mtoto pamoja na maji ya ubatizo?

Hivyo watu watatu walitaja jina moja, na kila mmoja alikuwa akimwona mtu mwingine. Wametuuliza, Ni nani mwenye haki? Kabla ya kujibu yatupasa kuwajua hao Apolo wenyewe, maana ni wengi, na kazi zao ni mbalimbali. Mtu asimamaye njia panda ya Makambako huona magari yametoka mahali pamoja, moja likashika njia ya Iringa, moja la Mbeya, na moja likageuka kuja huku kwetu Njombe na kuendelea hata Songea. Akisema tu kwamba ameliona gari la Makambako, hatujajua lilikwenda wapi. Ndivyo ilivyo na jina.

Kiswahili nacho chatupa msaada. Mtu mwenye jina kama lako huitwa wajina wako, na watu wengine humwita somo yako. Na neno hilo la somo ndilo tulitumialo kwa fundisho la darasani. Basi tuwatazame Apolo hawa kama masomo, kwa maana zote mbili.

Apolo wa Iskanderia

Wa kwanza twamsoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18. Alikuwa Myahudi wa Iskanderia, mji wa Misri, yaani mzaliwa wa bara letu hili la Afrika. Alikuwa mwenye ufasaha na hodari wa Maandiko, akafika Efeso akafundisha kwa bidii, walakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Akila na mkewe Prisila, mafundi wa kushona mahema, walipomsikia hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye hakusema, Mimi ni mtu wa elimu, nitafundishwaje na mafundi, tena mmoja wao mwanamke? Alikubali, akavuka bahari kwenda Akaya akiwa mwalimu bora kuliko alivyokuwa. Walimu, liangalieni neno hilo.

Lakini angalieni na jambo la pili. Kule Korintho jina lake likawa sababu ya magomvi. Wengine walijiita watu wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa. Paulo akawakemea kwa mfano wa shamba, ya kwamba mmoja alipanda na mwenziwe akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu peke yake. Hivyo ugomvi juu ya jina la Apolo haukuanza Makambako. Ulikuwako tangu siku za mitume.

Hapa twaweza kumjibu bibi. Alilolisikia ni kweli. Jina la Apolo latokana na jina la Apollo, ambaye Wayunani wa zamani walimwabudu. Hata hivyo mitume hawakumbadilisha jina mtu huyu. Wala hakuwa peke yake. Katika Warumi, mlango wa 16, yuko ndugu aitwaye Herme, na Herme lilikuwa jina la mungu mwingine wa Wayunani. Katika Wafilipi yuko Epafrodito, mtumishi mwenziwe Paulo, ambaye jina lake lina ndani yake jina la mungu wao wa kike, Afrodite. Kanisa la kwanza liliyaacha majina hayo kama yalivyo, nao wenye majina wakageuzwa mioyo. Na sisi wa nchi hii, ambao wazee wetu walibatizwa mara nyingi kwa majina ya Kizungu wakidhani ya kwamba majina ya kikwetu ni ya giza, twaweza kujifunza hapo. Ubatizo ni kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na hilo ndilo jina lisafishalo.

Ama kile chombo cha Wamarekani kilichotua mwezini mwezi wa Julai mwaka 1969, wenyewe walichukua jina la yule wa Wayunani, si la yule wa Matendo. Kijana wa sekondari amesema kweli, lakini amesema juu ya wajina wengine.

Apolo Kagwa, Katikiro

Sasa twavuka ziwa Viktoria kwenda Buganda, ambako jina hili lilipendwa kuliko kwetu. Mwaka 1864 hivi, au karibu yake, walizaliwa watoto wawili ambao baadaye wote wawili waliitwa Apolo. Hawa ndio ambao watoto wa shule huwachanganya mara kwa mara. Mwalimu mmoja wa upande wa Njombe alituambia kwamba katika mtihani wake mtoto aliandika ya kuwa mhubiri wa msituni alikwenda London kuona mfalme akivikwa taji. Mtoto yule alikuwa amesoma vizuri, ila alikuwa ameunganisha watu wawili wakawa mmoja.

Aliyekwenda London ni Apolo Kagwa. Alikuwa kijana wa kutumika katika nyumba ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1886, Mwanga alipowaua vijana Wakristo, na wengi wao wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, Kagwa naye alipigwa vibaya, lakini akaponea. Baada ya vita vya dini vya miaka ile akawa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, akakaa katika kazi hiyo tangu karibu na mwaka 1890 hata 1926. Kabaka Daudi Chwa alipotawazwa mwaka 1897, naye ni mtoto mchanga wa mwaka mmoja, Kagwa alikuwa mmoja wa wale watatu walioshika madaraka kwa niaba yake, pamoja na Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri.

Tarehe 10 Machi 1900 yalitiwa sahihi mapatano ya Buganda na Waingereza. Katika mapatano hayo nchi iligawanywa kwa kipimo cha maili za mraba, na maili 8,000 zilitengwa kwa ajili ya wakuu na watu mashuhuri wapatao 1,000. Hata leo ardhi ya namna hiyo huitwa mailo katika Uganda. Kagwa alikuwa mtu wa mbele katika kazi hiyo. Aliupatia ufalme wake heshima na mahali pa kusimama mbele ya Serikali ya Kiingereza. Lakini wakulima wengi waliamka wakajiona ni wapangaji katika mashamba waliyolima baba zao. Mambo yote mawili ni kweli, na mwalimu mwaminifu huyafundisha yote mawili.

Mwaka 1902 alisafiri kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mwandishi wake, Ham Mukasa, aliandika kitabu cha safari ile, kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1904. Kagwa mwenyewe alikuwa mwandishi. Alikusanya habari za makabaka wa Buganda, na desturi za Waganda, na koo zao, akazipiga chapa kwa Kiganda, na wenye kutafuta habari za kale za nchi ile hawawezi kuvipita vitabu vyake. Ni jambo la kusifiwa kwamba mtu mwenye kazi nyingi za utawala aliketi na wazee akawauliza, akaandika kabla hawajafa. Twawauliza walimu wetu, ni nani anayewaandika wazee wa Njombe? Serikali ya Kiingereza ilimpa cheo cha Sir. Mwaka 1926 aliacha kazi baada ya kushindana na mtawala wa Kiingereza, na mwezi wa Februari 1927 akafariki dunia mjini Nairobi.

Apolo Kivebulaya, Kanoni

Yule mwingine wa rika lake alizaliwa Kiwanda katika nchi ya Singo, akaitwa Waswa, jina wapewalo mapacha wa kiume. Katika ujana wake alijifunza Uislamu, akawa askari, akafika upande wa Toro pamoja na majeshi ya siku zile. Mwaka 1895 akabatizwa, akachukua jina la Apolo, wa Matendo ya Mitume. Na hilo jina la Kivebulaya? Ni jina la mzaha. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kiaskari. Watu walimwita kwa koti lake, na jina la koti likawa jina la mtakatifu. Basi ndugu, msiogope sana majina ya utani.

Mwisho wa mwaka 1896 alitumwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori upande wa magharibi, mahali ambapo msitu mkubwa wa Kongo waanzia. Mtawala wa huko aliitwa Tabaro, naye hakuyapenda mafundisho haya. Siku moja mwanamke wa jamaa yake alianguka juu ya mkuki, akafa, na Apolo akashitakiwa kwa kifo hicho. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro kama mtu aliyemwaga damu. Baadaye ilionekana hana hatia, akafunguliwa.

Tusikimbie hapa. Mtu aliyepigwa kwa uongo, akafunguliwa, angeweza kwenda zake kwao Singo, wala hakuna ambaye angemlaumu. Apolo alirudi Mboga. Alirudi kwa watu walewale waliompiga, wala hakurudi kudai fidia. Alijenga, akalima, akafundisha kusoma, na hata Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Alitumika miaka mingi katika Toro, kisha akarudi tena Mboga. Mpaka wa Wazungu ulikuwa umegawanywa upya, na Mboga imeingia katika Kongo ya Wabelgiji, lakini kwake mpaka ule haukuwa kitu. Tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi wawindao, ambao majirani zao waliwadharau. Aliketi nao, akajifunza maneno yao, akawabatiza. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Namirembe. Hakuwa na mke wa kumtunza, wala hakujiwekea mali.

Alifariki dunia Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya Wakristo wa kule ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, lakini yeye alikuwa ameagiza azikwe akielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha upande ule. Kanisa la Anglikana la Kongo latambua mwanzo wake katika kazi yake.

Sasa waweke hao wawili pamoja. Waliishi katika Buganda ileile ya Mwanga, wakaonja mateso wote wawili, wakafa miaka sita wakipitana. Mmoja aliacha mapatano na mailo na vitabu. Wa pili aliacha kaburi lililoelekea msituni, na kanisa. Jina lilikuwa moja, na enzi ilikuwa moja, lakini aliyekwenda London siye aliyekwenda kwa Wambuti, wala si haki kumnyang'anya mmoja kazi yake ukampa mwenziwe.

Apolo Milton Obote

Huyu ndiye aliyemo moyoni mwa yule mzee wa Makambako. Alizaliwa mwaka 1925 Akokoro, katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Aliiongoza Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, akawa Waziri Mkuu wake. Hilo ni lake, wala hatumwondolei. Lakini mwezi wa Mei mwaka 1966 majeshi ya Serikali yake yalilishambulia jumba la Kabaka Mutesa wa Pili, na Kabaka akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 katiba mpya ikazifuta falme zote za Uganda. Tazameni ajabu ya majina. Apolo mmoja aliusimamisha ufalme wa Buganda juu ya mapatano ya mwaka 1900, na Apolo mwingine akauangusha. Ufalme huo ulirudishwa mwaka 1993, bila ya mamlaka ya siasa.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, naye akapewa hifadhi katika Tanzania, akakaa kwetu hata mwaka 1980. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, vijana wa Tanzania walikwenda vitani kutoka kila upande, na huku kwetu pia. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Obote alirudi kwao mwaka 1980, na baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka ule, ambao wengi waliukataa, akawa Rais mara ya pili. Vita vya ndani vikaanza, na watu wengi mno walikufa katika nchi ya Luwero. Mwezi wa Julai mwaka 1985 alipinduliwa tena na askari wake. Alifia Johannesburg mwaka 2005.

Basi mzee hasemi upuzi. Yeye alikwenda kwa miguu yake mahali ambapo sisi tulisoma tu katika magazeti. Mtu akikuambia kwamba jina fulani lamrudishia uso wa mwenzake aliyekufa, usimjibu kwa historia upesi. Nyamaza kwanza.

Apolo Nsibambi

Yuko na mwingine, nasi tutamtaja kwa kifupi. Apolo Nsibambi alizaliwa mwaka 1940, akawa mwalimu wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha Waziri Mkuu wa Uganda tangu mwaka 1999 hata 2011. Alifariki mwaka 2019. Alijulikana kwa kushika saa. Ikiwa mkutano ni saa tatu, saa tatu yeye ameketi. Baba yake alikuwa Simeoni Nsibambi, mmoja wa wale walioanza uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulivuka mipaka ukafika hata Tanganyika. Mtoto hakuwa mhubiri kama baba yake, lakini uaminifu wa saa nao ni ushuhuda, hasa katika nchi zetu ambamo ibada ya saa tatu huanza saa nne.

Shauri letu

Sasa tuirudie barua. Kwanza, jina halichafuki kwa sababu ya mtu mmoja. Kama lingechafuka, tusingekuwa na majina ya kuwapa watoto. Katika kitabu kimoja cha Matendo wamo Hanania watatu. Mmoja alisema uongo juu ya bei ya shamba akafa, mlango wa 5. Mmoja aliweka mikono juu ya Sauli kule Dameski akamwita ndugu, mlango wa 9. Mmoja ni kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe kinywani, mlango wa 23. Na Yuda yuko aliyemsaliti Bwana, na Yuda yuko aliyetuandikia waraka. Twamwambia mzee wetu kwa heshima na unyenyekevu, Baba, usimwachie mtu mmoja jina zima.

Pili, jina halimtakasi mtu. Baba asidhani ya kwamba mtoto akiitwa Apolo atakuwa na moyo wa Kivebulaya. Hao watano waliitwa jina moja, na kila mmoja alijibu kwa kazi yake mwenyewe. Mtoto akiitwa jina la mwema asipoambiwa habari zake, amepewa sanduku tupu.

Tatu, nalo ndilo kubwa. Twamwuliza baba wa mtoto, Je, wataka kumheshimu Kivebulaya kwa kumshinda mzee katika nyumba yake mwenyewe? Kivebulaya aliwarudia waliompiga, pasipo kudai haki yake. Mtu atakayelishika jina lake kwa ugomvi amelishika jina akaiacha njia ya mwenye jina. Kwa hiyo shauri letu ni hili. Jioni moja, kabla ya siku ya ubatizo, baba na aketi na mzee karibu na moto, amwombe amsimulie habari za yule mwenzake aliyeachwa Uganda. Aliitwa nani? Alitoka kijiji gani? Alikufaje? Huenda katika miaka hiyo yote hapana mtu aliyemwuliza. Mzee akimaliza, ndipo baba naye amsimulie habari za Mboga.

Baada ya hayo mzee akikubali, mtoto na aitwe Apolo, na mzee mwenyewe alitamke jina hilo la kwanza nyumbani. Asipokubali, baba na amwachie, bila kununa. Mtoto aweza kuitwa kwa jina la yule askari aliyelala Uganda, na habari za Kivebulaya atafundishwa vilevile, kwa maana kufundishwa habari za mtu hakuhitaji kuitwa jina lake. Hatuoni hasara katika njia hiyo. Mtoto atabatizwa, na nyumba haitavunjika.

Kwa walimu

Katika daftari la darasa msiandike jina la ubatizo peke yake. Andikeni na jina la baba, na kijiji, na mwaka wa kuzaliwa, ili baada ya miaka hamsini mtu asichanganye watoto wenu kama yule mtoto alivyochanganya Apolo wawili. Na mnapofundisha habari za mtu mashuhuri, semeni daima mahali, na mwaka, na kazi. Kwa ishara hizo tatu wajina watatengana.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani katika nyumba yetu mwenye jina la mtu mwingine? Je, twazijua habari za mtu huyo?
2. Kwa nini Akila na Prisila hawakumkosoa Apolo mbele ya mkutano?
3. Apolo Kagwa aliwatendea Waganda mema gani, na wakulima walipata hasara gani?
4. Kwa nini Kivebulaya aliagiza azikwe akielekea magharibi?
5. Liko jina ambalo mzee wetu hapendi kulisikia? Je, tumewahi kumwuliza kwa nini?

Majibu ya swali la tano msituandikie. Yazungumzeni ninyi kwa ninyi, nanyi mumpe mzee nafasi ya kunena. Lakini ile nyumba ya Makambako, mtoto akiisha kubatizwa, twaomba mtujulishe jina lake, nasi tutamkumbuka katika sala.